Jebel Akhdar si hoteli: twendeni tukayaone mawe, na tuyaache tulipoyakuta

Kila likizo ya Idi inapokaribia, hapa Maskati mazungumzo yetu sisi tunaosema Kiswahili huwa ni yale yale. Nani anakwenda Dubai, nani anakwenda Unguja, nani kapata tiketi ya bei nafuu ya Dar es Salaam, na nani safari hii atabaki. Anayebaki huonewa huruma kama mgonjwa. Sijui kwa nini. Kilomita kama 150 kutoka mjini, safari ya asubuhi moja, uko mlima ambao wataalamu wa mawe hutoka Ulaya, Marekani na kwengineko kuja kuugusa kwa mikono yao. Na wengi wetu tulioishi hapa miaka ishirini na thelathini tunaujua kwa jina tu, au tunaujua kama mahali pa kukimbilia joto la Julai na kuchoma mishikaki.

Nazungumzia Jebel Akhdar, na pamoja nao safu ya milima ya Hajar inayouzunguka, mpaka Jebel Shams ambao kilele chake kinafika kiasi cha mita 3,000. Mwaka 2011 Jebel Akhdar ulitangazwa kwa amri ya Sultani kuwa hifadhi ya mandhari ya asili. Hifadhi, ndugu msomaji, ni kitu kilichowekwa amana. Hoja yangu ni kwamba amana hii tunaichezea, wenyeji na wageni, wenye kanzu na wenye kaptura, na kwamba sisi Waswahili wa Oman tuna sababu zetu wenyewe za kuumia zaidi kuliko mtalii anayepiga picha akaondoka.

Nianze na mawe, kwa sababu ndiyo yanayodharauliwa kuliko vyote.

Ukitoka Maskati kuelekea Nizwa, ukishapita Fanja na Bidbid ukaingia upande wa Sumail, utaona vilima vyeusi, rangi ya kahawa iliyoungua, vimemeguka meguka, havina mti wala jani. Ni rahisi kudhani palichomwa moto. Watu wengi huongeza mwendo kupita hapo. Basi hapo tunapoongeza mwendo sisi ndipo wenzetu wanaposimamisha gari. Vilima vile asili yake si ya nchi kavu. Ni sakafu ya bahari, na pamoja na sakafu hiyo ni sehemu ya matumbo ya dunia ambayo kwa kawaida imefichika kilomita nyingi chini ya miguu yetu. Kiasi cha miaka milioni 95 iliyopita mwamba huo ulizaliwa chini ya bahari. Ardhi ilipobanwa, badala ya kuzama kama inavyozama kawaida sakafu ya bahari, kipande hiki kikapanda juu ya Arabuni kama jamvi linalosukumwa juu ya jamvi jengine. Wataalamu wanakiita ofiolaiti ya Semail, yaani Sumail hii hii tunayosimama kununua maji na chai ya karaki.

Mawe ya namna hii yapo pia Kupro na kwengine duniani, lakini hapa yamekaa wazi kwa mamia ya kilomita, bila msitu wala udongo wa kuyafunika. Ukame tunaoulalamikia ndio uliotuwekea kitabu wazi. Huko Wadi al-Abyad mtu anaweza kuweka mguu mmoja juu ya mwamba uliokuwa ganda la dunia, na mguu wa pili juu ya mwamba uliokuwa chini ya ganda. Nchi nyingi jambo hili husomeshwa kwa michoro ubaoni. Sisi tunalo njiani, na hatuna habari.

Na si mawe ya kutazama tu. Ndani ya mawe hayo ndimo ilimotoka shaba iliyoifanya nchi hii ijulikane kwa watu wa kale wa Iraq kwa jina la Magan, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kisha liko jambo la kisasa zaidi. Jiwe hili linaloitwa peridotaiti halikuzoea hewa ya juu. Likikutana na maji ya mvua na hewa ukaa hubadilika, na ile hewa inafungwa ndani yake ikawa jiwe. Ukitazama vizuri utaona mishipa myeupe imepita kwenye mwamba mweusi, kama maziwa yaliyomwagika kwenye kahawa, na pengine chemchemi ya maji ya rangi ya samawati yenye utando mweupe juu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe inafanyika. Kampuni moja ya hapa hapa Oman, inayoitwa 44.01, ilipata tuzo ya Earthshot mwaka 2022 kwa kutafuta njia ya kuiharakisha kazi hiyo, ili hewa inayochafua dunia izikwe ndani ya mawe haya haya tunayoyaita mabaya. Mimi sijui watafika wapi nayo. Lakini nataka mtoto wa Kiswahili anayesoma skuli ya Seeb au Mawaleh awe anajua, kabla hajaambiwa na profesa wa Chuo Kikuu cha ng'ambo.

Ukifika Birkat al-Mouz, mahali panapoanzia njia ya kupandia mlima, rangi inageuka. Weusi umekwisha, unaanza ukuta mkubwa wa mawe ya kijivu na meupe, yamepangwa matabaka kama chapati zilizorundikwa. Kwa nini? Aliyewahi kutandika kitanda atafahamu. Tandaza blanketi jeusi juu ya godoro, halafu mtu asukume godoro kutoka chini mpaka lifanye nundu. Blanketi litachanika juu ya nundu, na godoro litachungulia. Jebel Akhdar ndiyo hiyo nundu. Ule mwamba mweusi ulikuwa umeufunika, ukalika na kuondoka, na kilichobaki juu ni kile kilichokuwa chini, yaani mawe ya chokaa yaliyojengeka kwenye bahari ya maji mafupi na ya moto, kuanzia kiasi cha miaka milioni 260 hadi milioni 90 iliyopita. Ndiyo maana kwenye uwanda wa Saiq, mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unaokota kwa macho visukuku vya viumbe vya baharini vimeganda ndani ya jiwe. Nimesema kwa macho. Mkono uache mfukoni.

Wazanzibari tuna haki ya kuliita jiwe hili jamaa yetu. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Jebel Akhdar nao ni bahari iliyogeuka jiwe, ila umri wake mkubwa mno, kama babu wa babu wa babu.

Ukivuka upande wa kaskazini, ndani ya Wadi Mistal, kwenye bonde la Ghubra, mambo yanazidi kuwa ya ajabu. Hapo yametokeza mawe ya zaidi ya miaka milioni 700, yaliyochanganyika makubwa na madogo ndani ya udongo mgumu bila mpango wowote, kama kifusi kilichomwagwa na lori. Waliomwaga ni barafu. Ndiyo, barafu, hapa Oman, wakati ambapo, kwa maoni ya wataalamu wengi, sehemu kubwa ya dunia nzima ilikuwa imeganda. Nchi ambayo mwezi wa Juni ukigusa usukani wa gari unaungua vidole, imetunza ushahidi wa baridi kubwa kuliko zote zilizowahi kuipata dunia. Peke yake hilo linatosha kumtoa mtu kitandani siku ya Ijumaa.

Na upande wa magharibi umesimama Jebel Misht. Misht kwa Kiarabu ni kitana, na kweli ukiutazama kutoka mbali ni kitana kilichosimamishwa, ukuta mmoja mkubwa wenye meno juu. Wataalamu wanasema asili yake ni kisiwa cha chokaa kilichokuwa katikati ya bahari, kikaburutwa pamoja na ile sakafu mpaka kikakwama hapo. Chini yake, pahala panapoitwa Al-Ayn, yamepangwa mstari mmoja juu ya kilima makaburi ya mawe yenye umbo la mzinga wa nyuki, ya karibu miaka 5,000, yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1988. Watu wa zamani zile hawakuwa na darubini wala digrii, lakini walijua mahali pa kuwalaza wafu wao ili jua la alasiri linapoupiga mlima ule nyuma yao, kila mpita njia asimame.

Sasa nirudi kwetu.

Majina ya huku milimani ni majina ya kwetu. Al-Riyami, Al-Abri, Al-Hinai, Al-Nabhani. Nani aliyekulia Unguja, Pemba, Mombasa au Tabora asiyewajua? Babu zao walitoka vijiji hivi, wakashuka mpaka pwani, wakapanda majahazi. Wengine walirudi wajukuu zao baada ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970 Sultani Qaboos aliposhika nchi na kuwaita waliosoma. Walirudi na Kiswahili mdomoni, na mpaka leo wako wanaowaita Wazinjibari, kwa mzaha au si kwa mzaha. Nimeyasikia mengi majumbani juu ya jambo hili, machungu ya haki kabisa. Lakini kijana anayesema kwa hasira kwamba yeye ni wa Jebel Akhdar kwa baba na babu, halafu hajawahi kuupanda mlima wenyewe, hajui maji ya kijiji cha babu yake yanatoka mwamba gani, huyo anadai shamba ambalo hajui mpaka wake. Kuijua nchi kwa miguu ni hati ambayo hakuna afisa anayeweza kukunyima.

Wako pia dada zetu kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wanaofanya kazi majumbani. Hawa mlimani wanapelekwa. Familia ikipanda kwenda kukodi nyumba ya siku mbili tatu, naye huchukuliwa, apike, aoshe vyombo, awaangalie watoto. Dada mmoja aliniambia amefika Jebel Akhdar mara nne na alichokiona ni jiko. Mwenye kuajiri anayesoma hapa, na najua mnasoma, hebu siku hiyo mpe naye saa mbili za kutembea ukingoni. Mlima si mali ya tajiri wake.

Na akitembea atakuta vitu anavyovijua. Miti inayoota juu kabisa, yenye gome linalochanika na harufu nzuri, ni mitarakwa, jamaa wa mitarakwa ya milima ya Kenya na Tanzania. Mizeituni mwitu ya huku ndiyo ile ile ambayo Wamasai wanaiita oloirien na Wakikuyu mutamaiyo. Mti ule ule, milima miwili mbalimbali. Hata ardhi ina udugu. Arabuni ilikuwa kipande cha Afrika mpaka ilipoanza kuchanika, kiasi cha miaka milioni 30 iliyopita, na mchaniko ule uliofungua Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden una mkono wa tatu, nao ndio Bonde la Ufa linaloshuka mpaka Naivasha na Natron.

Na marashi! Yale marashi ya mawaridi yanayotiwa kwenye mrashi na kunyunyiziwa watu kwenye harusi na maulidi, asili ya ada hiyo mtu ataieleza vyengine na vyengine, lakini ukifika kijiji cha Al-Aqr au Ash-Shirayjah mwezi wa Aprili, ukakuta mawaridi yanachumwa alfajiri na kupikwa kwenye meko za udongo mpaka maji yake yanatoka rangi ya chai na harufu ya moshi kidogo, utajua umefika jikoni kwa bibi. Vijiji hivyo vimeng'ang'ania ukingo wa korongo, na chini yake mashamba yameshuka ngazi ngazi, kila ngazi imejengwa kwa mawe ya mkono, na udongo wake ulibebwa. Kinachoyaweka hai ni falaji, mfereji wa maji ya chemchemi unaogawiwa kwa zamu na kwa saa, fulani wakati huu, fulani wakati ule, na ugomvi wake huamuliwa na wazee. Falaji tano za Oman ziliingizwa urithi wa dunia mwaka 2006, na mojawapo, Falaji al-Khatmeen, iko pale pale Birkat al-Mouz unapoanza kupanda.

Hapa ndipo panaponiuma. Maji yote haya ni mvua iliyoingia kwenye nyufa za yale mawe ya chokaa. Hakuna mto, hakuna ziwa. Mwamba ndio tangi. Mvua ikipungua, au watu wakizidi kunywa juu, falaji inapungua chini. Watafiti waliofanya kazi kwenye vijiji hivi miaka ya 2000 walikuta mashamba yanayolimwa yamepungua, na pia kwamba baridi ya kipupwe imepungua, na mti wa matunda kama mfyulisi au mjozi bila ya baridi yake hautoi maua vizuri. Komamanga la Jebel Akhdar, ambalo sokoni Nizwa huuzwa kwa bei ya kujivunia, nalo linataka maji. Juu ya hayo, tangu mwaka 2014 zimefunguliwa hoteli za kifahari kwenye ukingo, na nyuma yake nyumba za kupangisha zinaota kama uyoga, kila moja na birika lake la kuogelea. Birika la kuogelea, mita 2,000 juu, kwenye mlima ambao mkulima anasubiri zamu yake ya maji kwa kuhesabu dakika!

Naijua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kijinga. Vijana wa vijijini wamepata kazi, barabara imekuja, zahanati imekuja, na mwenye bustani anauza marashi yake mlangoni badala ya kuyashusha kwa punda. Nani atake kumrudisha mtu kwenye punda? Siyo mimi. Lakini mgeni anayelipa pesa nyingi kulala pale hakuja kuona birika, mabirika yako kwao. Amekuja kuona ngazi za kijani zinazoning'inia kwenye mwamba. Zikikauka ngazi zile, hoteli itabaki kuwa nyumba ya gharama kwenye jabali tupu. Kwa hiyo mimi nasema maji ya falaji yahesabiwe kwanza, kisha ndipo kibali cha jengo kitolewe. Na hesabu hiyo ibandikwe msikitini kwa Kiarabu chepesi, wanakijiji waisome.

Halafu yapo madogo ambayo hayahitaji serikali. Jina la mtu na la mchumba wake kwenye mwamba wa miaka milioni 200, kwa rangi ya dawa ya kupuliza. Makaa na chupa chini ya mtarakwa, na wakati mwengine tawi la mtarakwa wenyewe limekatwa kwa ajili ya moto. Mti huo unakua polepole sana na huku Jebel Akhdar mingi ya iliyo sehemu za chini imekuwa ikinyauka yenyewe bila ya kusaidiwa na shoka. Magari kupandishwa uwandani nje ya njia, na alama za tairi kwenye nchi kavu kama hii hukaa miaka. Na wale wanaojaza visukuku kwenye buti la gari wakapambie varanda. Jiwe likishatoka mahali pake limekwisha kusema, halina tena maana ila uzito.

Nawalaumu wenye mamlaka pia kwa jambo moja. Kuna mahali pa kutazamia mandhari panapojulikana kwa jina la Diana, kwa kuwa binti mfalme wa Uingereza alifika hapo mwaka 1986. Sina ugomvi na marehemu. Lakini kuna watu waliobeba udongo mgongoni kujenga ngazi zile karne kwa karne, na kuna waliofia mlimani katika vita vya 1957 mpaka 1959, ambapo ndege za Kiingereza zilipiga mabomu vijiji hivi, na hakuna kibao kinachomwambia mtoto habari zao. Wala hakuna cha kumwambia kwa lugha nyepesi jiwe alilolikalia ni la umri gani. Tanzania ilipata hadhi ya jiopaki ya UNESCO kwa Ngorongoro na Lengai mwaka 2018, na hadhi ya namna hiyo maana yake ni kwamba mawe, watu na mashamba yao vinatazamwa kuwa kitu kimoja. Milima ya Hajar haipungukiwi na chochote cha kustahili heshima kama hiyo. Kinachotakiwa ni watu wa kuidai.

Kwa waliokwisha shawishika, maneno machache ya njia, kwa sababu mlima huu si wa mchezo.

Polisi wa Birkat al-Mouz hawaruhusu gari dogo kupanda, lazima fo-wili, na usibishane nao. Njia ni ya lami na nzuri, lakini mteremko wake ni mkali, na hatari kubwa ni wakati wa kurudi. Shuka kwa gia ndogo tangu juu. Anayeshuka kwa kukanyaga breki mfululizo atasikia harufu ya kuungua kabla hajafika nusu ya njia, na pale nusu ya njia hakuna fundi. Wametengeneza vichochoro vya kupanda kwa gari lililokatikiwa na breki, uvitazame wakati wa kupanda ili uvijue wakati wa kushuka.

Mawadi yaogopeni kuliko mnavyoogopa simba. Mvua inanyesha mlimani, wewe uko chini kwenye jua kali, watoto wanachezea changarawe, na maji yanakuja kama ukuta. Mwezi wa Aprili 2024 wanafunzi wa skuli walisombwa na maji ndani ya gari huko Samad al-Shan, na nchi nzima ikalia. Sheria inamwadhibu anayevuka wadi inayokwenda kwa makusudi, na kila msimu wako wanaovuka, mmoja kwa sababu kachelewa, mwengine kwa sababu anarekodiwa na simu. Mawingu yakikusanyika juu ya mlima, toka kwenye wadi, acha chakula, acha jamvi, toka.

Jebel Shams nao una njia ya miguu inayopita katikati ya ukuta wa korongo la Wadi Nakhr, korongo lenye kina cha kiasi cha kilomita moja, mpaka kwenye kijiji kilichohamwa cha As-Sab. Ni njia ya saa tatu hivi kwenda na kurudi kwa mtu wa kawaida, haina kitanzi wala kamba, lakini haina ukuta wa kukuzuia pia. Mtoto mdogo asiachwe mkono. Viatu vya kufunga, maji lita mbili kila mtu, na jaketi, kwani kipupwe joto linaweza kushuka chini ya sifuri usiku na mara moja moja theluji huanguka. Wazee wasiotaka kutembea, wapelekeni pango la Al-Hoota karibu na Al-Hamra, lililofunguliwa kwa watu mwaka 2006. Ndani yake mna samaki vipofu, wadogo, weupe, wanaoishi kwenye giza la mwamba, na mama mmoja wa makamo niliyekuwa naye alisimama mbele yao robo saa akisema subhanallah na kukataa kuondoka.

Wakati wa kwenda ni juu yako. Mwisho wa Machi mpaka Mei kwa mawaridi, Agosti na Septemba kwa makomamanga, Desemba na Januari kwa anayependa baridi. Ukinunua marashi, nunua kijijini kwa aliyeyapika, si barabarani kwa asiyejua yametoka wapi, na muulize falaji yake mwaka huu inajaza birika kwa muda gani. Atakujibu. Na akisikia lafudhi yako, usishangae mzee wa Jebel Akhdar akikugeukia kwa Kiswahili safi cha Ng'ambo na kukuuliza, "Wewe mtoto wa nani?"